Wifi Yangu na Vifuniko Vyekundu

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, anafanya kazi ambayo sisi nyumbani tulichukua muda mrefu kuielewa. Kwenye karatasi za ajira anaitwa msaidizi wa utafiti wa maabara. Mama aliwaambia majirani kwamba mkwewe ni daktari, na wifi alipojaribu kumsahihisha, mama alimkatiza: "Nyamaza, wewe hujui kujisifu." Ukweli ni kwamba hatibu mtu. Anapokea damu za watu walioshiriki utafiti wa kisukari, anaziweka kwenye mashine inayozizungusha mpaka maji ya manjano yajitenge juu, anayapima sukari, kisha anayahifadhi kwenye friza. Hao wenye damu yeye hawaoni. Anaona namba tu.

Siku moja nilimtembelea nikitarajia maajabu. Nikakuta chumba cheupe chenye baridi, na wifi ndani ya koti na glavu, akipanga vichupa kwa utulivu wa mtu anayechambua mchele. Nilipotaka kushika kimoja alinipiga kofi mkononi. Ndipo akanieleza kwamba damu ikitoka mwilini haifi papo hapo. Inaendelea kula. Kadiri inavyosubiri ndani ya chupa ndivyo inavyoila sukari iliyomo, na ikichelewa sana, mashine itasoma sukari kidogo kuliko ile aliyokuwa nayo mwenyewe. Kwa hiyo wanatumia chupa za vifuniko vya kijivu, zenye dawa ya kuizuia.

"Kumbe damu ina uroho kama wewe," nilimwambia. Alicheka mpaka miwani ikamshuka puani.

Nyumbani kicheko kilikuwa haba. Utafiti ule ulitafuta watu wenye ndugu wa damu aliyeugua kisukari, na mama mdogo, anayemfuata mama kwa kuzaliwa, alishakatwa mguu kwa ugonjwa huo. Mama akajiandikisha. Tangu hapo wifi akaanza kumlinda: kopo la sukari likahamia kabati la juu, soda zikapigwa marufuku. Mama akambandika jina la Askari wa Sukari, mwanzo kwa utani, baadaye kwa hasira.

"Huyu ananitakia ugonjwa," aliniambia jikoni, kwa sauti ya kutosha kufika sebuleni.

Nami sifichi, nilikuwa upande wa mama. Nilimwona wifi amezidi. Lakini nilijua pia kwamba mama anaogopa. Kila akitoka kumwona mdogo wake, aliketi jioni nzima akikanda miguu yake mwenyewe.

Ijumaa moja, siku chache baada ya mama kutolewa damu, muuguzi wa kliniki alimpigia simu: sukari yako iko sawa. Mama alipiga kigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani. Kesho yake alasiri akatukusanya wote sebuleni. Chai ilikuwa kwenye chupa kubwa, na sukari ilishatiwa humohumo, ili pasiwe na mjadala.

Wifi aliingia akitoka kazini, maana siku hiyo walikuwa na zamu ya nusu siku.

"Karibu, Askari!" mama alimpokea. "Leo umestaafishwa."

Tulicheka sana, na kaka akacheka kuliko wote. Wifi alitabasamu, akaketi karibu na mlango, akapokea kikombe chake na kukishika tu. Nikajisemea moyoni, amenuna kwa sababu ameshindwa. Mama alikunywa taratibu, macho ameyafumba nusu, na kila funda alishusha pumzi. Wifi hakuyaondoa macho kwake. Kikombe kilipokwisha, mama akanyoosha mkono kuifuata chupa. Wifi akainuka, akaweka kiganja juu ya kifuniko chake.

"Mama, samahani. Majibu yale siyo ya kuaminika."

Wifi akaeleza akiwa amesimama. Siku damu ya mama ilipopelekwa maabara, yeye hakuwapo. Alikuwa na ruhusa. Asubuhi ya leo, akipanga vichupa vilivyokwisha kupimwa, alikuta safu nzima ya siku ile ina vifuniko vyekundu. Vya kijivu viliisha kliniki, wakatumia vilivyokuwapo, na gari nalo likaharibika njiani. Damu zilikaa mpaka jioni bila dawa. Alimwambia daktari mkuu wa utafiti, naye akaamua kwamba Jumatatu wote waitwe upya.

"Labda iko sawa, mama. Labda haiko. Kwa sasa hatujui."

"Hukuweza kuniachia furaha yangu hata siku moja?" mama aliuliza. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Nilimfuata wifi jikoni nikiwa nimepandwa na hasira. "Si ungengoja Jumatatu wapige simu wenyewe? Ulikuwa na haraka gani?"

"Angekunywa hivi mpaka Jumatatu," alijibu, mikono ndani ya povu. "Halafu aambiwe na mtu asiyemjua." Akaendelea kuosha vikombe. Nilitaka agombane nami, naye hakugomba, na hilo liliniudhi zaidi.

Jumatatu alfajiri tulimkuta mama mlangoni, amevaa, mkoba begani, hajatia kitu kinywani tangu usiku.

"Twende," alimwambia wifi. "Na damu yangu uibebe mwenyewe."

"Siruhusiwi, mama."

"Basi ukague kifuniko. Kisipokuwa cha kijivu, sitoi mkono."

Simu ilipokuja siku chache baadaye, mama aliuliza kwanza wifi yuko wapi, akamkalisha kando yake ndipo akapokea. Mimi nilikaa mkabala nao. Mama alisikiliza muda mrefu. Akaitikia ndiyo, ndiyo, nimeelewa, nitakuja kliniki. Kisha akaiweka simu mapajani na kuishikilia kwa mikono yote miwili. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Nilitafuta mtu wa kumkasirikia, sikumpata.

"Siku ile ya chai," mama alisema, bila kugeuka. "Ulipoingia mlangoni, ulikuwa tayari unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Na ukakaa pale ukiniangalia nakunywa."

Nikajiandaa kuingilia kati. Wifi aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti yake ikitetemeka.

"Nilikuachia kikombe kimoja."

Mama alimtazama, akaiweka simu mezani, akamshika mkono.

"Kilikuwa kitamu sana, mwanangu."