Uma Zilizotoka Meno Mbele

Mimi nina mashoto. Nalisema mapema, tena kwa sauti, kwa kuwa kuna wakati nililificha neno hili kama mtu aliyedokoa nyama chunguni. Kwa mama yangu, kule Msambweni, mkono wangu wa kushoto ulikuwa jambo la kufunikwa. Kula kwa kulia, kupa na kupokea kwa kulia, hayo nilifunzwa nikayashika, ni adabu yetu na sina ugomvi nayo. Lakini mama alitaka hata kufagia, hata kukuna nazi, hata kumimina chai, vyote kwa kulia! Nilipovunja ungo akaniita chumbani akaniambia, "Mwanangu, mpaka uolewe, huo mkono uufunge. Ukishaolewa, shauri yao."

Basi nikapendwa. Salaale, nilivyopendwa! Kijana wa Kinondo, mwendesha tuktuk. Siku ya kwanza nilimpa nauli kwa kushoto, nikashtuka, nikairudisha, nikampa tena kwa kulia. Alicheka mpaka akampita abiria aliyekuwa akimpungia mkono barabarani. Tangu siku hiyo kila tuktuk iliyonguruma ilinipandisha moyo, hata ikiwa ya mzee wa watu anayepeleka mihogo sokoni.

Tatizo lilikuwa mama yake. Huyu mavyaa wangu, maana namwita mavyaa ingawa wakati huo sikuwa na mume, alikuwa kiongozi wa kikundi cha wanawake kilichofungasha vijiko na uma za mbao za mahoteli. Mwanawe alipomwambia kuwa amepata msichana, hakuuliza ukoo wala sura. Alisema, "Mlete afanye kazi nami. Msichana humjui kwa kumtazama amekaa." Na mwanawe naye hakunificha: mama akinikubali, posa itakuja, mama akinikataa, yeye si mtu wa kumvunja mama yake moyo. Nikahamia kwa mama mdogo, Ukunda, ili niwe karibu. Kila asubuhi nilipelekwa Kinondo kwa tuktuk, bure, na moyo unanidunda kama ngoma ya harusi ya jirani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mahoteli ya Diani yameacha plastiki, sasa wageni wa bafe za ufukweni wanakula kwa uma za mbao. Pale mezani kuna kisanduku kirefu kilichosimama. Mgeni akibonyeza kiulimi cha chini, uma mmoja hutoka, mpini mbele, na hakuna anayegusa wa mwenzake. Wanawake wa kikundi walikiita Bwana Harusi, kwa sababu hakikubali kuletewa kitu ovyo. Uma zilitufikia makatoni kwa makatoni, zimevurugana. Sisi tulizipanga juu ya sinia, zote mipini upande mmoja, zimelaliana tumbo kwa mgongo, mpaka zifike kimo cha kijiti cha kupimia. Halafu unalizungushia lile bunda ukanda wa karatasi kiunoni, unatia gundi, unaacha mkia. Mtu wa hotelini analitumbukiza bunda zima kutoka juu, anauvuta mkia kupitia mwanya ulio ubavuni mwa kisanduku, karatasi inatoka, uma zinabaki zimekaa kwa heshima zao. Mwanya uko upande mmoja tu. Kwa hiyo mkia lazima ukae upande huo.

Hilo la mwisho mimi sikulitia maanani. Nilikuwa na mengi ya kufikiria.

Siku za mwanzo nilitumia kulia. Yallah, tabu ile! Ukanda unajikunja, uma zinateleza, gundi inanishika glavu mpaka kidevu. Mbele yangu kwenye meza aliketi mama mmoja wa kutoka bara, mkulima wa kule kwenye mashamba ya walowezi waliohamia pwani, mcheshi asiyejua kunong'ona. Akanitazama weee, kisha akauliza, "Wewe, hiyo mkono ingine umeiacha nyumbani?"

"Iko likizo," nikamjibu.

"Basi iite irudi, maana hii uko nayo haijui kazi!"

Nikacheka, nikamkanyaga mguu chini ya meza anyamaze. Mavyaa alikuwa ameketi mlangoni, ametupa mgongo, anapanga mabunda katika makatoni huku akilinda ua wake. Alipenda kumwona anayeingia kabla hajabisha hodi. Nami nikawaza, kama amenipa mgongo, mkono wangu una kosa gani? Wenzangu wakaanza wimbo wa harusi, ule wa kumtania bibi harusi mvivu. Wimbo ukashika kasi, na mkono wa kushoto ukatoka wenyewe. Wallahi sikuutuma. Panga, linganisha, zungusha, gundi, weka! Panga, linganisha, zungusha, gundi, weka! Mabunda yakawa yanarundikana pembeni yangu, na yule mama wa bara ananishangilia kama yuko uwanjani.

Mavyaa akageuka. Mkono ukarudi chini ya leso, mbio.

"Haya yote ya nani?"

"Yangu, Mama."

Akaliokota moja, akalibonyeza, akalipima kwa jicho. "Mashaallah," akasema, akarudi kwenye makatoni yake.

Neno moja tu! Lakini nyie, nilielea. Nilipomsimulia mwenye tuktuk akasimamisha chombo kando ya barabara. "Mama kasema mashaallah? Mimi mwenyewe sijaipata tangu nizaliwe." Tukacheka pale hadi akina mama waliokuwa wakipita na kuni wakasimama kutuangalia. Tangu hapo, kila mavyaa alipotupa mgongo, mimi nilikuwa wa shoto. Kila alipogeuka, nilikuwa wa kulia. Nikawa wa kwanza kwa kasi katika chumba kile, na kila jioni nilirudi Ukunda nikijiona tayari nimetiwa hina.

Mzigo wetu wa kwanza ukaenda hoteli. Kesho yake mchana tuktuk ikaingia uani na makatoni yale yale. Mchumba wangu akashuka, amebana midomo kama mtu mwenye maji kinywani.

"Mbona umerudi na mzigo?" mama yake akamuuliza.

"Mama, uma zinatoka meno mbele."

"Zinatoka vipi?"

Hapo akashindwa kujizuia, akatuigizia. Mzungu mmoja mwenye kaptura amebonyeza, puu! meno kiganjani. Akabonyeza tena, meno tena. Akamwita mkewe aje aone. Watoto wakapanga foleni, kila mmoja anataka kudungwa. "Wageni wanacheka, Mama, lakini mpishi mkuu hacheki. Amesema kuna mabunda mazuri na kuna mabunda makorofi. Tumpelekee mengine kesho, na yakiwa hivi tena, basi kwaheri."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Yule mama wa bara alilaza kichwa mezani akawa anapiga meza kwa ngumi. Mavyaa peke yake hakucheka. Alifungua katoni, akachukua bunda hili na lile, akayalaza juu ya sinia, mipini yote inamwelekea yeye.

"Tazameni," akasema. "Hili mkia uko kulia. Hili mkia uko kushoto. Mtu wa hoteli lazima aupeleke mkia kwenye mwanya, nao uko kulia. Akiupeleka huu wa kushoto, bunda linageuka, meno yanakuja mbele. Kuna mtu hapa anafunga kinyume." Akatutazama mmoja mmoja. "Simuulizi. Nitamwona. Kila mtu afunge bunda moja mbele yangu."

Lahaula! Nilimtazama mchumba wangu, naye akawa anakagua turubai la tuktuk yake kama aliyeuziwa leo. Lakini hakuondoka. Niliona amelishika lile turubai kwa mikono miwili.

Wenzangu wakafunga. Mkia kulia. Mkia kulia. Yule mama wa bara akafunga lake, mkia kulia, akanikonyeza. Mama wa watu alikuwa anajua, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema kitu.

Zamu yangu. Nikapanga kwa mkono wa kulia, wa kushoto umelishika bunda kwa adabu zote. Nikazungusha ukanda. Ukateleza. Nikauvuta. Bunda likafumuka lote, uma zikaruka, nyingine zikaingia kifuani mwa dera langu, na mmoja ukamtua mavyaa juu ya ushungi ukasimama pale wima.

Hapo kicheko kikanishika. Hofu yangu yote ikageuka kicheko! Nilicheka na huku machozi yananitoka, nikasema samahani Mama, nikacheka, nikasema niwie radhi, nikacheka tena. Kila nikitaka kunyamaza nauona ule uma juu ya ushungi. Na ndani yangu nilikuwa nalia, maana niliona posa yangu inaondoka hivi hivi, inatoka mlangoni inavuka ua.

Mavyaa akautoa ule uma kichwani, taratibu, akauweka mezani.

"Na huo mkono wako mwingine?" akauliza. "Mgonjwa?"

"Mzima, Mama."

"Basi utoe."

Nikautoa. Nikapanga, nikalinganisha, nikazungusha, nikatia gundi, nikaweka. Sekunde chache tu. Bunda safi kama la kiwandani, na mkia uko kushoto, unatuangalia.

Mavyaa akaugusa ule mkia kwa kidole.

"Kwa nini ulificha?"

Nikaona hakuna tena cha kuokoa. "Nilitaka unikubali kwanza, Mama. Kwetu niliambiwa mtu wa shoto haposwi."

"Mficha uchi hazai, mwanangu," akasema.

Wanawake wakapiga ukelele. "Mama!" yule wa bara akadakia, "kwani mambo ya kuzaa imefika leo? Hata harusi bado!" Mchumba wangu kule nje akajigonga kichwa kwenye paa la tuktuk, na hapo ndipo nilipojua kuwa alikuwa anasikiliza kila neno.

Mavyaa hakuwajali. Alilishika sinia langu kwa mikono yake miwili akaligeuza. Ni hilo tu alilolifanya. Mipini iliyokuwa inanielekea mimi sasa ikamwelekea yeye, na meno yakanielekea mimi.

"Funga tena. Mkono wako huo huo."

Nikafunga. Akaliinua bunda kama lilivyo, mipini kwake. Mkia ulikuwa kulia.

"Tena."

Nikafunga. Mkia kulia.

"Basi huyu sinia lake litakaa hivi," akawaambia wenzangu. "Asiligeuze mtu. Na ninyi wengine fungueni haya makorofi, tuna kazi mpaka magharibi."

Vigelegele vilipasuka chumba kizima. Mimi nilikuwa sijui nilie au nicheke, nikafanya yote pamoja, na mkono wangu wa kushoto unafunga mabunda hadharani kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilifunga kama niliyepandwa na pepo wa kheri. Mzigo ukaenda, na kesho yake mpishi mkuu akaagiza mwingine. Lakini kuhusu mimi na mwanawe, mavyaa hakusema hata neno.

"Mama kanyamaza," mchumba wangu akaniambia njiani. "Akinyamaza, hata mimi simjui."

Siku zikapita hivyo, nacheka mchana na wasiwasi unanila jioni. Mpaka mama akanipigia simu kutoka Msambweni, sauti imepaa. Kuna wanawake wa Kinondo wanataka kuja kumtembelea, wamesema wana mazungumzo. Nirudi nyumbani haraka. "Na huo mkono," akasema, "nakuomba, mwanangu. Siku hii moja tu."

Sikuwa na moyo wa kumwambia kuwa huo mkono ulikwishajulikana mpaka hotelini.

Wakaja. Mavyaa na dada zake, mabuibui yananukia udi, wakaketi mkekani. Nikawaamkia mmoja mmoja, shikamoo, marahaba, macho chini. Mama akanikabidhi birika kubwa la chai ya tangawizi na kunikazia jicho. Nikalishika kwa kulia. Birika lile lilikuwa zito, mkono ukaanza kutetemeka, kifuniko kikawa kinacheza, na chai ya kwanza nikaimwaga nusu kwenye kisahani. Mama akafumba macho. Nikaanza kikombe cha pili, cha mavyaa.

"Mwanangu," mavyaa akasema, mbele ya wote. "Kikombe utanipa kwa kulia, hiyo ni adabu. Lakini birika lishike kwa mkono unaouweza, usije ukatuunguza."

"Astaghfirullah," mama akaanza, "dada yangu, huyu mtoto hana tabia..."

"Dada, mimi nimemwona akifanya kazi," mavyaa akamkata, kwa upole. "Mwache amimine."

Nikalihamisha birika. Nikamimina, chai ikashuka moja kwa moja, haikudondoka hata tone. Nikampa kikombe kwa mkono wa kulia, akakipokea kwa kulia. Akapuliza, akanywa, akakiweka chini. Mama yangu alikuwa ameshika mdomo kwa upindo wa leso, ananitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona.

"Haya dada," mavyaa akamwambia, "tumekuja kuposa."