Mpimaji wa Gisenyi anayefuatilia vijidudu visivyosikia dawa

Saa moja asubuhi, Illuminée Kankindi anafungua kabati la joto katika maabara ya kituo kimoja cha afya mjini Gisenyi na kutoa sahani ndogo za kioo. Anaziinua moja moja kuelekea dirishani. Nje, wanawake wachuuzi wanateremka kwenda mpakani wakiwa na mizigo kichwani. Yeye hawaoni.

Juu ya kila sahani vijidudu vya kuhara damu vimeota na kutanda. Kati yake amepachika vipande vya karatasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali. Dawa ilipofanya kazi, pamebaki duara safi. Iliposhindwa, vijidudu vimeota hadi ukingoni mwa karatasi.

"Hii dawa imechoka," anasema akigusa kioo kwa ncha ya kalamu. "Hii pia. Bon, hii moja iko na nguvu bado."

Mwaka huu wa 1999, sampuli saba kati ya kila kumi anazopima hazisikii vidonge ambavyo zahanati nyingi huanza navyo. Kila sampuli ni ya mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mtoto.

Illuminée ana miaka thelathini na minne. Alizaliwa Goma, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, kwa wazazi waliokimbia Rwanda, na huko ndiko alikojifunzia kazi ya maabara. Familia ilirudi baada ya vita vya 1994. Umeme ukikatika, kabati la joto hupoa na kazi huanza upya. Maji ya kuoshea vyombo huyachemsha mwenyewe kwenye jiko la makaa.

Lakini ukimwuliza siku ngumu kuliko zote, hataji umeme wala maji. Anamtaja Kadiri.

Kadiri ni mfanyabiashara wa sabuni na vitenge kati ya Goma na Gisenyi, mkazi wa Cyanzarwe, nje ya mji wa Gisenyi. Wakati wa mvua za masika, binti yake Zubeda aliugua kuhara damu. Zahanati ya jirani ilimpa vidonge. Akavimeza vyote, akafa.

Baada ya mazishi, Kadiri alikuja kusimama kwenye lango la kituo anakofanya kazi Illuminée, ambako vidonge vilevile hutolewa, akawaambia kina mama waliokuwa kwenye foleni: "Musimeze. Ni dawa ya bandia. Mutoto yangu alimaliza yote, na akakufa." Wengine walibeba watoto wao wakarudi nyumbani.

"Sikukasirika," anasema Illuminée. "Nilijua ile dawa haikuwa ya bandia, niliipima kwa vijidudu vingine, ikaviua. Lakini pale kwa mulango, mbele ya watu, ningemwambia nini mutu mwenye ametoka kuzika?"

Wiki chache baadaye, mke wa Kadiri, Mutesi, alimfuata maabara. Binti yao mdogo, Nshuti, alikuwa ameanza kutoa damu, na baba yake amekataza dawa yoyote isiingie nyumbani.

"Njoo we mwenyewe, mama," Mutesi alimwambia. "Mi nikisema, hanisikie."

Illuminée aliomba ruhusa, akaondoka mchana uleule. Alimkuta Kadiri ameketi mlangoni, na mtoto amelala ndani, macho yamezama. Kwanza alimwonyesha Mutesi jinsi ya kuchanganya maji yaliyochemshwa, sukari na chumvi. Kisha akaomba kamba iliyofunga gunia la viazi.

Aliisokotoa kidogo, nyuzi zake mbili zikaonekana zimezungukana. Akaunganisha ncha, ikawa pete kubwa. Alimweleza Kadiri kwamba ndani ya kila kijidudu kuna uzi wa namna hiyo, unaoitwa DNA, na umeandikwa maagizo yote ya kijidudu: namna ya kula, namna ya kuzaana. Uzi ni mrefu mara elfu moja kuliko kijidudu chenyewe. Akaizungusha kamba zaidi na zaidi hadi ikajikunja yenyewe, ikatosha kwenye kiganja.

"Inaingia namna hiyo," alisema. "Inajikunja, inajikunja tena."

Kisha alimwomba Mutesi bangili zake. Pembeni ya pete kubwa, alieleza, vijidudu vingine huwa na pete ndogondogo, na baadhi yake zimebeba maagizo ya kushinda dawa. Kijidudu hunakili pete hiyo na kumpa mwenzake anayemgusa. Alivaa bangili mbili mkononi mwake, kisha akavua moja akaivalisha mkono wa Mutesi. "Donc, yule alikuwa anakufa na dawa, sasa hafi."

Kadiri aliichukua kamba, akaanza kuikunjua.

"Kwa hiyo ile dawa ilikuwa muzuri," alisema.

"Ilikuwa muzuri, papa."

"Zubeda alikufa na dawa muzuri ndani ya tumbo."

"Ndiyo, papa. Na ninyi hamukukosea kumupa."

Mutesi ndiye aliyelia. Kadiri aliingia ndani, akatoka amembeba Nshuti. "Mupime," alisema. "Lakini unipe ile yenye vijidudu vitasikia."

Sahani ya Nshuti ilionyesha dawa moja tu yenye duara safi. Kwa kuwa mama yake aliendelea kumnywesha maji ya sukari na chumvi, mtoto alikuwa bado na nguvu ya kuipokea. Alipona. Siku hizi anamfuata baba yake sokoni, na Kadiri, ambaye bado hapendi kupita karibu na zahanati ile, huwaambia wateja wenye watoto wagonjwa wapeleke choo kipimwe kwanza.

"Sijasahau mukubwa," anasema Kadiri. "Kuelewa haimurudishe. Lakini sasa silale nikijiuliza nani aliniuzia kifo."

Illuminée mwenyewe hajawahi kuiona pete hata moja. Hadubini yake haifiki huko. Mwezi ujao anakwenda Butare kwa mafunzo ya kutoa DNA kwenye vijidudu na kutenganisha pete kubwa na ndogo. Amekubaliana pia na Juvénal, mpimaji mwenzake wa Goma, wawe wanabadilishana majibu kila wiki, maana vijidudu hupita mpakani pamoja na watu. Dawa ikianza kushindwa upande mmoja, upande wa pili upate habari mapema.

"Nataka mama mwingine aambiwe dawa gani itafanya kazi mbele ya mutoto kuimeza," anasema, "hapana nyuma ya kuzika."