Mtindi wa Mchana

Kila asubuhi mama mkwe alisukasuka mtindi, akatoa siagi, kisha akawagawia majirani mtindi uliobaki. Kijijini hauuzwi, na ajaye na chombo harudi mikono mitupu. Hetal, aliyeolewa juzijuzi, alishangazwa na jambo moja: ule wa mwisho, wa kupikia mchuzi, haukupikwa mpaka jua la utosini. Unga wa dengu tayari, mvuje tayari, naye mama mkwe yuko palepale, akifuta mtungi kwa ncha ya sari, jicho langoni.

"Mama, utachacha huo!"

"Uache uchache. Kwani unakunywa wewe?"

Leo mama mkwe alikuwa ameshaumimina sufuriani, anakoroga, mwanamke aliposimama langoni na kopo. Alikuwa Jignasha, binti yake mama mkwe, aliyeolewa na mtu wa tabaka jingine; baba mkwe alikataza hata jina la binti huyo lisitajwe.

"Mtindi umebaki?" aliuliza, kama jirani yeyote.

Mama mkwe hakugeuka. Mchuzi huo ukiachwa bila kukorogwa kabla haujachemka hukatika, na mwiko wake hajawahi kumwachia mtu.

"Umekwisha. Wote naupika."

Kopo likashuka.

"Sasa umesimama nini huko? Njoo ukoroge, mkono unaniuma."

Akamwachia mwiko, akaenda kuongeza sahani.