Vumbi Ndani ya Santuri Mpya

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Jumapili mchana, kwenye disko toto, katika ukumbi mmoja wa mjini Biharamulo. Meneja wa Ukumbi alikuwa amemfukuza mpiga santuri wake kwa ulevi, akaamua kumchukua msichana kwa kuamini kwamba msichana hatakunywa. Kabla hata hajanionyesha mashine, alinikabidhi kitambaa cha pamba.

"Sindano inasoma kila kilichomo mferejini, Yusta," aliniambia. "Ikisoma vumbi, watu watasikia vumbi, na aibu itakuwa yako."

Mfereji ni ule mstari mwembamba uliochongwa kwenye santuri, unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Sindano hupita humo ikitikisika, na mtikisiko huo ndio unaogeuzwa sauti. Basi nikajifunza kufuta kwa kufuata mzunguko, na kuishika santuri kwa kingo tu, kama mtu aliyeshika bakuli la uji wa moto. Tulipiga soul, fanki na disko. Vijana walikuja kwa baiskeli kutoka Nemba, suruali zao za bugaluu zimebanwa kwa vibanio vya nguo zisinaswe na mnyororo, na walikuwa wakali hao! Sindano ikikwaruza kidogo, wote wanageuka kunitazama.

Baadaye nilihamishiwa Ngara, chini ya Mratibu wa Burudani, mtu wa amri nyingi. Malori ya kwenda mpakani yalipita karibu na ukumbi, na kila lilipopita lori sindano iliruka. Nikasimamisha miguu ya meza ndani ya makopo yaliyojaa mchanga. Mratibu alilalamika kwamba nimemchafulia ukumbi. Sindano ilipoacha kuruka, akawaambia wageni kuwa ule ni ubunifu wake, nami nikamwachia. Kisha zikaja kaseti, zikafuatiwa na sidii, nikarudi Biharamulo kuendesha kipindi cha muziki wa zamani katika redio ndogo.

Zilikuwa zimebaki siku chache nistaafu, Mkuu wa Vipindi, kijana ninayemzidi umri mara mbili, aliponiletea santuri akasema imetengenezwa mwaka huu. Nilistaajabu. Nani bado anachonga santuri? Nikaiweka. Besi ikatembea, tarumbeta zikaitika, ngoma ikagonga kavu kama zile za enzi zetu, nami nikashindwa kukaa kitini. Lakini chini ya muziki nilisikia vumbi likipasukapasuka.

Nikaifuta, likabaki. Nikaiosha kwa maji ya sabuni, nikabadilisha na sindano, likabaki vilevile. Mkuu wa Vipindi aliposema yeye haoni kasoro yoyote, moyo ulinishuka. Nilijua ni masikio yangu. Masikio yaliyokaa karibu na spika miaka yote mwishowe huanza kutoa kelele zake yenyewe, na sisi wa kazi hii tunaliogopa jambo hilo kuliko njaa. Nilikuwa nimeombwa niendelee kuja kila Jumamosi baada ya kustaafu. Nikaandika barua ya kukataa, na sitaficha, nililia nikiiandika.

Kabla ya kuipeleka niliiweka tena ile santuri, udadisi tu. Safari hii nikauacha wimbo wa kwanza uishe. Kati ya wimbo na wimbo kuna nafasi ambayo mfereji haukuchongwa sauti. Hapo ndipo vumbi husikika kuliko mahali pengine, maana hakuna muziki wa kulifunika. Palikuwa kimya kabisa. Wimbo wa pili ulipoanza, na vumbi likaanza nao. Sasa, vumbi la kweli halichagui pa kukaa, na masikio mabovu hayapumziki kati ya nyimbo.

Nikamwita Mkuu wa Vipindi, nikamwambia vumbi hili limo ndani ya wimbo.

"Ndiyo, Mama, wameliweka makusudi," akasema. "Nilidhani unajua."

Nilitamani kumchapa. Badala yake niliichana barua, nikamwuliza maswali mpaka akachoka: wanalitoa wapi, wanalipima vipi, nani anaamua kwamba sasa limetosha? Mpaka leo, nikiwa mstaafu, najiuliza. Kazi yangu yote ilikuwa kuondoa kitu ambacho wengine sasa wanakaa studio kukitengeneza, na sioni kama wao ni wajinga. Ule muziki ni mzuri.

Siku yangu ya mwisho ya ajira niliupiga hewani. Haujafika katikati, simu ikalia. Alikuwa bibi mmoja wa Bisibo, aliyesema alicheza sana kwenye disko toto letu usichanani mwake. Akanitaka niifute santuri. Nikamweleza kwamba vumbi limewekwa na waliotengeneza, labda wanataka santuri yao ifanane na zetu.

"Zetu hazikuwa na vumbi," akasema bibi. "Wewe ulikuwa unazifuta."

Nikampa simu Mkuu wa Vipindi. Ilibidi yeye ndiye amuage.