Mbwa Asiye na Ng'ombe

Juzi nilimpeleka mbuzi wangu mgonjwa kwa bwana mifugo hapa Ngulyati, nikamkuta mwanaume anavutana na mbwa mkubwa mwenye nguvu za fahali. Mbwa alikuwa anamrukia kila anayeingia, kwa furaha tupu. Asubuhi hiyo alikuwa amemwangusha mama mkwe wa huyo bwana, mkono ukavunjika.

"Mchome sindano afe," mwanaume akasema.

Bwana mifugo akauliza, "Zamani alikuwa na kazi gani?"

"Kuchunga. Ng'ombe nimewahamishia Mwanhuzi kwa kaka. Huyu nimemfunga alinde nyumba."

"Basi hana ubaya, amezoea kukimbia kutwa. Mtembeze asubuhi na jioni. Akikurukia, mpe mgongo mpaka atulie."

Mwanaume akaguna, akanigeukia mimi mama mwenye mbuzi. "Eti mayu, ukiniona barabarani na mbwa tu, ng'ombe hakuna, utasemaje?"

Mdomo wangu mnaujua. "Nitasema mkeo amekataa kutembea na wewe."

Benchi zima tukacheka. Yeye hakucheka. "Mchome," akasema.

Walipomfungua kamba ili wamlaze, mbwa akachomoka hadi mlangoni, akasimama anatikisa mkia na kutuangalia, kama anayengoja ng'ombe watoke zizini. Mwenye mbwa akamwita. Akarudi mbio, akalazwa, akachomwa.

Sasa jamani, mkimwona mtu anamtembeza mbwa wake asubuhi, mwacheni apite. Mimi nimeshacheka kwa niaba yetu sote.