Bisibisi na Sinki la Kuvunjwa

Nyumbani walimwita Bisibisi, na si kwa mapenzi. Redio ya baba yake aliifungua kabla hajamaliza kuota meno, na saa ya ukutani aliyoitengeneza inakimbia mpaka leo kama inafukuzwa na mbwa. Kwa hiyo alipopata nafasi ya mafunzo ya likizo kwenye ofisi ya wahandisi wabunifu, timu iliyokusanya watu kutoka nchi chungu nzima, mama yake alimkalisha kitako.

"Mwanangu, huko ni kwa watu. Usiguse usichoambiwa uguse. Likizo hii moja tu, jifanye umelelewa."

"Kwani sijalelewa, mama?"

"Umelelewa. Hukusikiliza tu."

Bisibisi akaapa kutulia.

Asubuhi ya kwanza aliingia na blauzi iliyonyooka kama karatasi. Meza zilijaa mabomba ya plastiki, maboksi yaliyokatwakatwa na vikombe vya chai vilivyosahauliwa. Wote walizungumza lugha moja, ila kila mmoja aliitafuna kwa meno ya kwao. Mkuu wao alikuwa mama mfupi aliyechomeka rula kwenye nywele. Kabla ya saa ya chai Bisibisi alikuwa ameshambatiza moyoni, Mama Rula.

Mama Rula akampeleka kwenye sinki la kunawia mikono, la kupelekwa mashuleni. Tangi juu, bomba katikati, pedeli chini. Unakanyaga, maji yanatoka, mikono haigusi kitu. Pembeni alisimama aliyelibuni, mwanamume mrefu mpole ambaye naye alimbatiza palepale, Mlingoti, kama bwana harusi kando ya bibi harusi wake.

"Hapa mgeni hapewi meza ya kuchora hivihivi," Mama Rula alisema. "Anapewa kazi ya mwenzake aivunje. Una mpaka Ijumaa. Ukiivunja, unachora na sisi. Ukishindwa, likizo yako itaishia stoo, unapanga michoro ya zamani."

Bisibisi alilitazama sinki, akamtazama Mlingoti. Avunje kitu cha watu, mwenyewe akimwangalia? Akagusa pedeli kwa ncha ya kiatu, kwa adabu zote. Maji yakatoka.

"Ni zuri sana, kaka."

Mlingoti akatabasamu. Mama Rula hakutabasamu.

Wiki nzima Bisibisi alilitembelea lile sinki kama anayemwona mgonjwa. Akalikanyaga kwa mguu wa kulia, akalikanyaga kwa wa kushoto. Halikutingishika.

"Mashine imelikanyaga mwezi mzima," Mlingoti alimfariji, "wala halikulalamika."

"Ililikanyaga vipi?"

"Taratibu. Katikati kabisa."

Ijumaa Mama Rula alikuja na ufunguo wa stoo mkononi. Bisibisi aliutazama, akaliona vumbi linalomsubiri.

"Mama, naomba kuuliza. Hapa watanawa akina nani?"

"Wanafunzi."

"Wanafunzi wenye adabu, au wanafunzi?"

Wahandisi wakatazamana. Inaelekea hakuna aliyewahi kufukuzwa darasani. Bisibisi alikuwa na uzoefu huo wa kutosha. Geti la shule yake lilikuwa bembea, na aliyelipinda anamfahamu vizuri. Halafu akakumbuka: mama alikataza kugusa asichoambiwa. Hiki ameambiwa.

Akavua viatu, akapanda kwenye pedeli kwa miguu yote miwili, akalikumbatia tangi.

"Kaka, nisukume."

"Nikusukume?"

"Shuleni habembei mtu peke yake. Mmoja anapanda, mwingine anasukuma."

Mlingoti akamsukuma kidogo.

"Kaka, unasukuma kama unaomba radhi."

Akasukuma kweli. Bisibisi akaenda mbele, akarudi, akaenda, na kule chini kitu kikalia, ka! Bawaba ilikatika, pedeli ikalala sakafuni na kugoma kuinuka, maji yakaendelea kumwagika kana kwamba tangi lilikuwa limeyachoka. Yaliloanisha michoro, yakafika kwenye viatu vya Mama Rula.

Mama Rula akavua kimoja, akamwaga maji, akakivaa tena. Ufunguo akaurudisha mfukoni.

"Meza ya dirishani ni yako. Jumatatu uanze kuchora pedeli ambayo wewe mwenyewe huwezi kuivunja."

Bisibisi akaitazama miguu yake mitupu. Pedeli ya namna hiyo, kwa jinsi alivyojifahamu, haikuwepo duniani.

Mlingoti alikuwa amepiga magoti na tambara, anakausha sakafu. Hakuonekana mwenye kinyongo, na hilo ndilo lilimtia Bisibisi wasiwasi.

"Usijali, dada," alisema bila kuinua kichwa. "Siku ya kuijaribu pedeli yako, mimi ndiye nitakayepanda."