Darasa Lililokataa Kuacha Salamu

Jumanne niliyopiga marufuku salamu, wanafunzi wangu ishirini na mmoja kati ya ishirini na sita walikuwa nje ya darasa kabla ya saa tisa mchana, wakisalimiana. Waliobaki ndani walikuwa watano. Mmoja wao alikuwa amelala.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili Gisenyi, mpakani na Kongo, karibu na mwisho wa miaka ya tisini. Nilikuwa nimerudi nchi ya wazazi wangu kutoka Tanzania, nilikozaliwa na kusoma, nikapewa kazi ya kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Darasa lilikuwa chumba kilichokuwa stoo ya maharage, mtaa wa Mbugangari, na mvua ikinyesha harufu ya maharage ilirudi. Tulikutana siku tatu kwa wiki, saa nane hadi saa kumi. Tulijifunza kusoma Kinyarwanda, lakini maelezo, utani na ugomvi vilikuwa kwa Kiswahili, kwa sababu nusu ya darasa ilikulia upande wa Kongo, wengine walivuka kwenda Goma kila siku, na Kinyarwanda changu mwenyewe kilikuwa kinachechemea. Kiswahili chao hakikuwa changu. Wiki ya kwanza mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, we unasema sawa radio," yaani kama radio, na sikujua kama ni sifa.

Tatizo lilikuwa moja. Pale, mtu akikuta watu wamekaa hawezi kupita tu akaketi. Humpa mkono kila mmoja, kuanzia mlangoni, na mikono haitoshi: anauliza habari za nyumbani, za watoto, za safari. Mkono wa kulia unasalimia, wa kushoto unashika kiwiko. Mtu wa sita akiwa na mgonjwa nyumbani, anayesalimia anasimama hapo mpaka amalize kusikitika. Kisha anakwenda kwa wa saba.

Nilipima kwa saa yangu. Mtu mmoja aliyechelewa alichukua dakika nne mpaka sita. Siku ya kawaida walichelewa saba. Nikiwa katikati ya silabi, mlango ulifunguka, chaki ikabaki hewani, na darasa zima likageuka kwa furaha kama vile mgeni ametoka ng'ambo, ingawa walikuwa wameonana asubuhi sokoni. Daftari langu la wakati huo lina safu mbili: aliyechelewa, na kwa nini. Foleni ya barrière, pale mpakani. Mtoto ana homa. Amemsindikiza mgeni. Maziwa.

"Maziwa" ilikuwa sababu ya mtu mmoja tu, na aliandikwa kila siku. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mpana wa mabega, aliyeuza maziwa. Maziwa yake yaliteremka kutoka Mudende kwa baiskeli, katika madebe, yakafika saa nane wakati mimi naanza kufundisha. Hakuweza kuyaacha juani. Aliyapokea, akayaonja, akayagawa kwa wateja wake, ndipo akaja darasani saa tisa kasoro, mikono ikinukia samli.

Yeye ndiye aliyekuwa na haraka kuliko wote. Wauza maziwa wa mtaa walikuwa na chama, na chama kilikuwa kimeahidiwa kituo cha kukusanyia maziwa. Wanawake wenzake walimtaka awe msimamizi, kwa sababu alijua maziwa yaliyotiwa maji kwa kuangusha tone moja tu kwenye ukucha wa kidole gumba. Lakini komini, yaani ofisi ya serikali ya pale, ilisema msimamizi lazima ajue kusoma, na ofisa angekuja kuwapima waombaji baada ya wiki sita. Mwombaji mwingine alikuwa kijana aliyemaliza darasa la sita, mpwa wa mjumbe wa chama. Hakujua maziwa, ila kusoma alijua.

Kwa hiyo nilipopiga marufuku salamu niliamini namsaidia yeye hasa. Nilisimama mbele nikatangaza kwa upole: anayechelewa aingie kimya, akae, salamu tutafanya saa kumi. Watu wakaitikia, "Sawa, mwalimu." Hakuna aliyepinga, na hilo lingenitia shaka kama ningekuwa na akili zaidi.

Wa kwanza kuchelewa alifika, akachungulia, akarudi nje. Wa pili hivyo hivyo. Waliokuwa ndani waliwaona dirishani, wakaanza kuomba ruhusa ya kwenda haja, mmoja mmoja. Nilipohesabu wale watano nilitoka kwenda kuangalia. Walikuwa chini ya ukuta, mikono imeshikana, habari za nyumbani zinaulizwa. Mama wa maziwa alikuwa amekaa juu ya debe tupu karibu na dirisha.

"Mama, mbona huingii?"

"Mi nasikia hapa, mwalimu. Uendelee tu."

"Ubao unauona?"

"Ubao hapana. Sauti iko."

"Basi ingia."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mtoto wa jirani. "Mwalimu, mutu mukubwa aingie mu nyumba yenye iko batu, akae kimya? Sawa mwizi? Batasema nini? Batasema niko na kisirani nabo."

Fundi wa baiskeli, mzee mwembamba aliyekuwa mwanafunzi wangu mcheshi kuliko wote, akadakia: "Kule kwenu Tanzania banaingia vile? Yewe! Pole, mwalimu. Ulikomaa mu taabu."

Walicheka, nami nikacheka, lakini somo la siku hiyo lilikufa. Kwenye daftari niliandika: nje ishirini na mmoja, ndani watano, kosa langu.

Ijumaa nilikuja na njia nyingine. Niliandika majina yao yote kwenye karatasi kubwa, nikaitundika mlangoni kwa ndani. Anayechelewa atasalimia, nikasema, lakini atasalimia kwa kusoma: anasoma jina, mwenye jina anaitikia na kutoa habari yake kwa neno moja, kisha msomaji anakwenda jina la pili. Sharti la heshima limetimia, na yeye amesoma majina ishirini na tano.

Waliipenda mno. Baada ya wiki moja waliokuwa wakiwahi wakaanza kuchelewa ili wapate zamu. Niliwakuta watatu nje saa nane kamili, wakibishana nani ana haki ya kuchelewa kwanza. Fundi wa baiskeli alidai kwamba yeye mzee achelewe kabla ya watoto. Nikaweka utaratibu wa kuchelewa, jambo ambalo hakuna kitabu cha ualimu kilichonifundisha: wanne kwa siku, wa nne akiwa mama wa maziwa, kwa sababu yeye alichelewa kwa kweli.

Naye alisoma vizuri kuliko wote. Alisimama mbele ya karatasi, kidole kikishuka, majina yakitiririka bila kukwama. Nilijivuna. Wiki nne zilikuwa zimebaki.

Kisha alikuja mwanafunzi mpya, fundi cherehani aliyerudi kutoka Uganda, mtulivu sana. Nafasi ilikuwa katikati ya orodha, pale lilipokuwa jina la mtu aliyehamia Mahoko, nikaandika jina lake hapo. Siku hiyo mama alisoma kama kawaida. Alimsalimu wa kumi, akamsalimu wa kumi na mbili. Wa kumi na moja alikuwa amekwisha kunyanyuka nusu, mkono mbele.

"Mama, na mimi?" akauliza fundi cherehani.

Fundi wa baiskeli akamgeukia: "Amekuzika, papa. Tutakuja kwa matanga."

Darasa likapasuka kwa vicheko. Mama hakuona aibu hata kidogo. Mimi ndiye niliyeona. Nilimsogelea pale mlangoni nikamwonyesha jina la tano. Akasema la tano. Nikafunika orodha kwa koti langu la mvua, nikaacha jina moja tu wazi, la kumi na nane. Akatazama, akanitazama.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Utoe kwanza hiyo koti, nihesabu toka juu."

Hakuwa amesoma hata jina moja. Alikuwa ameyashika yote kichwani kwa kuyasikia mara tatu, kwa mpangilio wake, kama alivyoshika wateja wake wote na vipimo vyao vya maziwa.

"Mama, tulikubaliana usome."

"Bon. Lakini hawa bote mi nabajua. Juu ya nini nisome mutu mwenye namujua?"

Nilirudi nyumbani na swali lile, nikalala nalo, na asubuhi niliona kwamba alikuwa amenipa jibu yeye mwenyewe. Mtu unayemjua humsomi. Unachotaka kwake ni habari ambayo bado huijui.

Tangu siku hiyo kila aliyefika mapema aliandika habari yake ya siku kwenye kibao, mstari mmoja. Kibao kiliwekwa pajani. Aliyechelewa alipita akitoa mkono, kama desturi inavyotaka, lakini mwenye kibao alikatazwa kufungua mdomo. Ukitaka habari, isome. Mama alifika saa tisa kasoro, akashika mkono wa kwanza, akauliza habari za nyumbani. Mwenzake akanyoosha kidole kwenye kibao na kufunga midomo.

"Ayiwe! Hata we?"

Aliinama. Silabi kwa silabi, alisoma kwamba nyanya zimeozea barrière. Kwa wa pili alisoma kwamba jirani ameoa mke wa pili, akapaza sauti, "Nani huyo?" na yule akatikisa kichwa: jina halikuandikwa. Kwa muuza sabuni alisoma, "Mume wangu amerudi kutoka Goma na..." akakwama. Neno lilikuwa gumu kwake. Dakika nne nzima alipigana nalo huku muuza sabuni akibana kicheko, na mama akamtishia, "Kesho hupati maziwa, wewe." Lilikuwa ni godoro. Alipolipata alipiga kofi kubwa, akamkumbatia muuza sabuni kana kwamba godoro ni la kwake.

Ilichukua nusu saa kuzunguka darasa. Sikuangalia saa. Hakuwa akihesabu toka juu.

Ofisa wa komini alikuja siku aliyosema. Wapimwaji walikuwa wawili, katika chumba chetu, nasi wengine tuliruhusiwa kukaa nyuma. Alitoa mkobani tangazo la zamani la chanjo ya mifugo. Kijana alisoma kwanza, haraka, bila kosa hata moja. Kisha mama. Alisoma polepole, kidole kwenye karatasi. Katikati ofisa akasema inatosha.

"Ungoje. Haijaisha."

Akasoma mpaka chini, akasoma na maneno yaliyokuwa ndani ya muhuri, akizungusha karatasi ili ayafuate. Nyuma watu walijizuia kupiga makofi.

Ofisa akauliza kila mmoja tangazo linasema nini. Kijana alisema linahusu chanjo. Mama alisema ng'ombe gani, siku gani, waletwe wapi, akaongeza kwamba aliyeandika hajui mambo, maana ng'ombe wa kukamuliwa hawezi kutembezwa mbali vile saa ya kukamua. Ofisa akaandika kwa muda mrefu. Halafu akasema sharti linataja kusoma. Halisemi kama ni kusoma upesi au kusoma kwa kuelewa, na yeye hawezi kuamua. Ataandika prefektura, ofisi ya juu yake, kuuliza.

Nilihamishwa kutoka Gisenyi miezi mitano baadaye. Jibu lilikuwa halijaja. Kituo kilikuwa kimefunguliwa, kwa kuwa maziwa hayangoji barua, na kwenye meza moja ya kupokelea walikaa wawili, mama upande wa mlango na kijana upande wa dirisha, kila mmoja na daftari lake, na kila mmoja akiwaambia wateja kwamba msimamizi ni yeye.